Maji ya Kwetu Kisiwani Mafia

Kwetu Malinyi baiskeli ni mtu wa nyumbani. Hubeba mpunga, hubeba mgonjwa, na hata bibi harusi. Kwa hiyo nilipofika Mafia, nikiwa nimekwisha staafu, nilimwomba kijana mmoja wa Kilindoni anikodishe yake. Aliziangalia mvi zangu, akauliza, "Babu, utaweza?" Nikamjibu kuwa nilianza kuendesha kabla baba yake hajazaliwa.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilometa 15 hivi, katikati ya minazi na mikorosho. Nilikwenda polepole, nikikumbuka masomo yangu ya chuoni. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba Mafia iliangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890. Kwamba Waingereza waliiteka Januari 1915, wakarusha ndege kutoka hapo kuitafuta manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, mpaka ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Tarehe hizo nilizitungia mitihani.

Jioni, niliporudi Kilindoni, nilikaa ufukoni nikitazama magharibi, iliko delta. Mvuvi mmoja akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia bonde la Kilombero. Akacheka: "Basi Rufiji ikijaa, mzee, magogo yenu huja mpaka huku."

Nikanyamaza. Ni kweli, Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huanza. Na vita ile nayo ilipanda hadi kwetu. Mabaharia wa Königsberg waliingia katika jeshi la von Lettow-Vorbeck, na Oktoba 1917 Wabelgiji waliiteka Mahenge, jirani zetu. Mwaka huo babu yangu mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Baba alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Katika mitihani yangu yote sikuwahi kutunga hata swali moja juu ya wapagazi. Jina la meli nililijua. Alikolala babu sikukujua, wala sikumwuliza bibi alipokuwa hai. Nilirudisha baiskeli ya watu nikiwa na aibu hiyo moyoni.

Ninyi walimu vijana, kabla ya kufungua kitabu cha vita ile, waulizeni kwanza watoto: nyumbani kwenu alichukuliwa nani? Watakaokosa jibu, watumeni kwa bibi zao mapema.