Maporomoko Yaliyozama na Majina Yake

Ukiuliza maporomoko ya maji ya Uganda, wengi watakutajia Murchison na kuishia hapo. Lakini Mto Nile hautoki Ziwa Victoria ukafika Murchison kwa mruko mmoja. Njiani ulikuwa na ngazi nyingi: Ripon, Owen, Bujagali, Kalagala, Itanda, Karuma. Hayo ndiyo ninayoyaorodhesha siku hizi, na kila jina linanirudisha kwenye maswali mawili: nani alilitoa, na je, maji yenyewe bado yanaanguka?

Tuanze juu. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika pale ziwa linapomwaga maji yake. Katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi na Kihindustani, lugha ambayo yeye na Speke waliitumia kuelewana. Speke aliyakadiria maporomoko yale kuwa na kina cha futi 12 tu, na upana wa futi 400 hadi 500. Aliandika pia kwamba Waganda walipaita Mawe. Jina analo, kalisikia, kaliandika, halafu akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa aliyeongoza Royal Geographical Society wakati safari ile ikiandaliwa. Mawe ya wenyeji hayakupotea lakini: ndiyo yaliyobaki katika jina la mji wa Jinja.

Cha ajabu, Speke huyohuyo alipofika Karuma miezi michache baadaye aliliacha jina kama lilivyo, na akaandika kisa chake. Karuma alikuwa mtumishi wa roho kubwa. Ndiye aliyeyapanga mawe yanayoyakata maji, na bwana wake akamtunuku kwa kuyapa mawe hayo jina lake. Kisa cha mistari michache tu, ila kinakwambia mengi kuliko vipimo.

Murchison nayo ni ya Samuel Baker, 1864, na Roderick Murchison naye alikuwa mkuu wa jumuiya ileile ya London. Enzi za Idi Amin yakaitwa Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, wakamhamishia Ushelisheli. Kabalega hakufika tena kwao: alifia Jinja mwaka 1923, akiwa njiani kurudi. Pembeni ya maporomoko hayo yapo mengine ambayo hayakuwa kwenye ramani za zamani. Mafuriko makubwa yalipofungua njia mpya ya maji, nchi ilikuwa inapata uhuru, 1962. Basi yakaitwa Uhuru. Kiswahili chetu kikapata nafasi yake kwenye orodha, tena bila mpelelezi yeyote.

Sasa swali la pili, na hili ndilo zito. Winston Churchill alipita Jinja mwaka 1907, akayatazama maji ya Ripon na kuona nguvu inayopotea bure. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa; Ripon na Owen zote zikaondoka. Bujagali ilizama bwawa lake lilipojaa, na mitambo yake ya megawati 250 ikazinduliwa 2012. Kwa Wasoga pale palikuwa makao ya roho ya Budhagaali, na matambiko yalifanywa ili kuihamisha. Hebu fikiria: roho inaombwa ihame kwa sababu ya umeme. Ili kufidia hasara hiyo, mwaka 2007 Uganda iliiahidi Benki ya Dunia kwamba Kalagala italindwa. Halafu likaja bwawa la Isimba, 2019, upande wa chini wa mto huohuo, na ahadi ikabidi ijadiliwe upya. Karuma nayo ina mitambo ya megawati 600, iliyozinduliwa 2024.

Sipingi umeme, naandika haya kwa umeme. Ila orodha inayotaja yanayovutia watalii tu inayafuta yaliyozama mara ya pili. Ndiyo maana kwenye yangu Ripon ina mstari wake kamili: jina la Speke, jina la wenyeji, futi 12, na mwaka wa mwisho, 1954. Kalagala na Itanda nimeziachia nafasi ya mwaka wa mwisho wazi. Natamani ibaki hivyo.