Unyevu katika Kitotoleshi cha Kujitengenezea

Ni kadiri ya mvuke wa maji uliomo hewani ndani ya sanduku la kutotoleshea mayai, ambao, ijapokuwa fundi wa nyumbani aghalabu hushughulika na joto peke yake (nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa mayai ya kuku, penye feni), ndio huamua kama kifaranga aliyekwisha kukamilika atalitoka ganda lake salama. Yai hupoteza maji kupitia vitundu vya ganda, na hadi siku ya 18 yapasa lipungue yapata asilimia 12 ya uzito wake, ili chumba cha hewa kilichopo upande butu kipanuke. Kwa hiyo unyevu huwekwa baina ya asilimia 45 na 55, kisha hupandishwa hadi 65 au 70 siku 3 za mwisho. Huongezwa kwa kupanua uso wa maji, wala si kina chake: sahani pana hushinda kikombe kirefu, na kitambaa kilichochovywa ncha majini hushinda vyote viwili. Yai likimulikwa kwa kurunzi gizani, chumba hicho huonekana dhahiri. Kikiwa kidogo mno, uso wa maji upunguzwe. Vifaranga waanzapo kudonoa, sanduku lisifunguliwe, hata shauku izidi vipi, kwani hewa kavu hukausha utando, ukamgandama kiumbe asiweze kujizungusha.