Mzee Halali Usiku? Kumbe Tatizo Lilikuwa Mchana

Mzee akikosa usingizi, watu huangalia usiku wake: kitanda, chai aliyokunywa jioni, mawazo. Hata hospitalini ilikuwa hivyohivyo kwa miaka mingi, na jibu likawa kidonge. Sasa mpe kidonge cha usingizi mzee wa miaka 80, halafu aamke saa nane usiku kwenda chooni. Akianguka akavunjika nyonga kwa umri ule, sio mchezo.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba mwanga hauigusi melatonini ya binadamu, ile homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani wakaonyesha kuwa kasoro ilikuwa kwenye taa zenyewe, zilikuwa hafifu mno. Walipowasha taa ya lux 2,500 usiku, melatonini ikashuka. Saa ya mwili wa binadamu kumbe nayo inafuata mwanga, ila unatakiwa mwanga wa kutosha.

Na hapo ndipo wazee wanapoumia. Lenzi ya jicho inageuka njano kadiri umri unavyokwenda, mwanga wa bluu unaopenya unapungua, na huo ndio unaoiseti saa hiyo vizuri zaidi. Ongeza kushinda ndani kutwa nzima. Mchana wao unakuwa kama jioni, basi usiku nao unapoteza maana.

Uholanzi wakaamua kujaribu kwenye nyumba 12 za kutunzia wazee. Wakazi 189, wengi wao wakiwa wamepoteza kumbukumbu. Hakuna aliyekalishwa mbele ya taa kama mgonjwa. Taa zilifungwa darini kwenye ukumbi wanaoshinda: baadhi ya nyumba lux kama 1,000, nyingine kama 300. Wengine walifuatiliwa hadi miaka 3 na nusu.

Matokeo yalitoka 2008. Waliopewa vidonge vya melatonini walilala dakika kama 27 zaidi, lakini vidonge peke yake viliwaharibia furaha, wakajitenga na wenzao. Walioshinda kwenye mwanga mkali walipungukiwa huzuni, na akili zao zilififia taratibu kidogo. Waliopata vyote viwili wakapunguza kuhangaika usiku. Sio muujiza, jamani, lakini kwa muuguzi wa zamu ya usiku hiyo ni habari kubwa. Watafiti wakashauri wazee hao wasipewe melatonini bila mwanga.

Mzee anayeweza kutoka nje hahitaji hata hiyo taa. Akiketi kivulini mchana, anga likiwa jeupe, anapata mwanga unaozidi ule wa ukumbini kwa mbali.