Neno la Kiingereza «prevent»: kutangulia au kuzuia?

Siku moja mseminari mmoja aliniletea kartasi. Alikuta katika kitabu cha zamani cha Kiingereza sala fupi ya kusali mbele ya kazi, akataka kuigeuza katika Kiswahili kusudi wenzake waisali asubuhi. Kamusi yake ilimwambia kwamba «prevent» maana yake ni kuzuia. Basi aliandika ya kuwa tunamwomba Bwana atuzuie katika kazi zetu zote, tena atusaidie siku zote. Aliona mwenyewe kwamba jambo hilo halisimami: mtu atazuiwaje na kusaidiwa katika kazi ileile? Lakini hakuthubutu kuishuku kamusi.

Kumbe sala ile ni yetu. Kwa Kilatini ni «Actiones nostras», ambayo mapadri wengi wanaijua kwa kichwa. Tunamwomba Mungu azitangulie kazi zetu kwa kutuvuvia, kisha azifuate kwa msaada wake. Kilatini chasema «praeveni»: «prae» ni mbele, «venire» ni kuja. Waanglikani waliitia kwa Kiingereza katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1549, kilichotengenezwa na Thomas Cranmer, na mahali pa «praeveni» waliandika «prevent». Hawakukosa. Wakati ule «prevent» lilikuwa bado na maana ya kutangulia. Neno ndilo lililogeuka nyuma yao.

Tufungue Injili ya Matayo, sura ya 17. Watoza kodi ya Hekalu wanamwuliza Petro kama Mwalimu wake hailipi. Petro anajibu kwamba analipa. Anaingia nyumbani, na mbele hajafungua kinywa, Yezu anamwuliza wafalme wa dunia wanatoza kodi kwa nani, kwa watoto wao ao kwa wageni. Vulgata yasema «praevenit eum Iesus». Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, inaandika hapo «prevented», na Biblia ya Wakatoliki wa Uingereza, ile iliyosahihishwa na Askofu Richard Challoner katika karne ya 18, inatumia neno lilo hilo. Mwingereza wa leo akisoma upesi atafikiri Yezu alimziba Petro kinywa. Sivyo hata kidogo! Bwana alimwahi tu. Alijua jambo lililompata Petro mlangoni, akaanza Yeye kusema. Wale waliosahihisha Biblia ya Kiingereza mwaka 1881 waliliondoa neno hilo, wakaandika kwamba Yezu alisema kwanza.

Sasa, namna gani kutangulia kumekuwa kuzuia? Njia si ndefu. Nikijua ya kuwa adui anakwenda darajani, nami nikafika darajani mbele yake, nimemtangulia. Lakini vilevile nimemfungia njia. Maana zote mbili ziliishi pamoja muda mrefu katika vinywa vya watu walewale. Katika mchezo wa Hamlet, ulioandikwa na Shakespeare karibu na mwaka 1600, mwana wa mfalme anawaambia rafiki zake wawili ya kuwa atataja mwenyewe sababu ya wao kuitwa, kusudi maneno yake yatangulie maungamo yao, nao wasionekane kuvunja siri. Hapo neno ni «prevent», na msomaji anaweza kusita: anawatangulia, ao anawazuia? Anafanya yote mawili kwa tendo moja. Polepole maana ya kuzuia ilishinda, na ile ya kutangulia ikabaki katika vitabu vya sala.

Wana tena neno jingine lililopita njia iyo hiyo, «forestall». Katika Kiingereza cha kale lilikuwa kumvizia mtu njiani. Kisha likaingia sokoni. Sisi tunawajua wachuuzi wanaoamka usiku kuwangojea akina mama barabarani, wakanunua mihogo yao yote mbele ya kufika sokoni, kisha wakaiuza kwa bei wanayotaka. Ndio hao! Sheria ya mfalme Edward VI ya mwaka 1552 iliwatia adabu, na kosa hilo halikufutwa kabisa katika sheria ya Uingereza mpaka mwaka 1844. Leo «forestall» ni kuwahi jambo na kulizuia lisitokee, soko limesahauliwa.

Ndugu yake «prevent» katika Kifaransa tunaye hapa Kongo kila siku. «Prévenir» ni kumjulisha mtu mbele. Vilevile ni kuukinga ugonjwa. «Prévenant» ni mtu mwema anayeona haja ya mwenzake mbele ya kuombwa. Na «prévenu» ni yule maskini anayesimama mbele ya mahakimu, hata kama hakujulishwa kitu na mtu! Ndiyo sababu wanafunzi wetu wanajikwaa: wanaona uso wa ndugu mmoja, wanamwita kwa jina la mwingine. Anayetaka kusema kwa Kiingereza ya kwamba amemjulisha mkubwa wake, akitumia «prevent», amesema kwamba amemzuia.

Lakini jambo kubwa ni la teolojia. Mtakatifu Augustino, katika kitabu kiitwacho Enchiridion, aliweka pamoja mistari miwili ya Zaburi: mmoja wa zaburi ya 58 ya Vulgata, unaosema kwamba huruma ya Mungu itanitangulia, na mmoja wa zaburi ya 22, unaosema kwamba itanifuata. Alieleza ya kuwa Mungu humtangulia asiyetaka kusudi atake, na humfuata anayetaka kusudi asitake bure. Mtaguso wa Orange, mwaka 529, ulikataza kufundisha kwamba mwanzo wa imani watoka kwa mtu mwenyewe. Na Mtaguso wa Trento, katika kikao cha sita, mwaka 1547, ulisema ya kuwa mwanzo wa kuhesabiwa haki kwa watu wazima watoka katika «gratia praeveniens», neema ya kutangulia. Waingereza waliigeuza «preventing grace». John Wesley alihubiri bado kwa maneno hayo katika karne ya 18. Leo wanaandika «prevenient», neno la wasomi tu, kwa maana lile la kwanza lingewafundisha Wakristu kwamba neema ni kizuizi. Katekista anayesoma vitabu vya zamani asiipitie nukta hii mbio.

Tazameni vilevile barua ya kwanza kwa Watesalonike, sura ya 4. Wakristu wale walilia juu ya wafu wao, wakiogopa kwamba siku ya Bwana watasahauliwa. Paulo anawatuliza: sisi tulio hai hatutawatangulia waliolala. Biblia ya 1611 yasema «prevent», na waliosoma nyuma waliona kama Paulo anaahidi kutowazuia wafu! Sisi hatuna shida hiyo. Mtu akifa, tunasema ametutangulia. Na hilo ndilo linaloombwa katika Kanuni ya Misa kwa ajili yao waliotutangulia na alama ya imani.

Yule mseminari alirudi nyuma ya siku mbili. Kartasi ilikuwa safi: «Ututangulie, Bwana». Lakini alikuwa ameanza kusoma barua kwa Waroma katika Biblia ileile ya 1611, na katika sura ya kwanza alikuta Paulo akisema alitaka mara nyingi kuwafikia, lakini «was let». Kamusi yake ilisema «let» ni kuruhusu. Nikamwambia aketi: Waingereza walikuwa na maneno mawili, moja la kuruhusu na moja la kuchelewesha, yakaja kuwa na sauti moja, na hili la barua ni lile la pili.