Asili ya Kazi ya Lishe

Huko Kilelengwani, kwenye nyanda za chini za Mto Tana, majirani wawili huishi kwa vyakula viwili. Mpokomo hulima mpunga, mahindi na migomba, tena huvua samaki. Muorma hufuga ng'ombe, na maziwa ndiyo chakula chake cha asili. Ukimwuliza kijana wa huko ni chakula kipi kinachoujenga mwili zaidi, bila shaka atakitetea chungu cha mamaye. Swali la namna hiyo liliwahi kuulizwa na wataalamu, ingawa si Tana.

Mwaka 1931 John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu ya Kenya, na John Boyd Orr, mwanachuoni wa Scotland, walichapisha uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu. Wale waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Hawa kwa nafaka na viazi vitamu. Mwanamume wa Kimasai alionekana kumpita mwenziwe kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzani. Lakini baina ya wanawake tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani ambazo waume zao hawakuzijali. Nami kila nisomapo habari hiyo husita hapo, maana jibu lilikuwa jikoni, wala halikutoka mbali. Tena naona wataalamu wale waliupima mwili wakalisahau shamba. Wakati huo makabila yote mawili yalikuwa yamekwisha kupoteza ardhi nyingi kwa walowezi, na aliyenyang'anywa shamba hachagui chakula.

Orr baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 1949.

Kule Uganda kazi ikachukua sura nyingine. Mwaka 1965 pale Mulago, Kampala, kilifunguliwa kituo cha Mwanamugimu kwa watoto wenye utapiamlo. Mama hakupewa dawa tu akaenda zake. Alikaa na mwanawe, akapika kwa mikono yake vyakula vya kwao, akaona kwa macho mtoto akirudiwa na nguvu.

Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, ikaunda taasisi ya kuwasajili. Anayetaka kazi hii na ashike kemia na biolojia mapema. Wako waanzao kwa cheti, wakapanda hadi stashahada na shahada, huku wakihudumu hospitalini. Lakini vitabu havimtoshi. Mgonjwa wa kisukari wa Kilelengwani akishaambiwa apunguze wali, atauliza ale nini. Na mwenye kumshauri hana budi kujua mafuriko yameacha nini shambani, na kibuyu cha maziwa chauzwaje msimu wa kiangazi.