Kitabu Kilichotangulia Shoka Usambara

Huko Kwamkoro, Usambara ya Mashariki, mashamba ya chai yamepakana na msitu ambao tangu 1997 umo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Msitu wa eneo hili ulianza kumegwa kwa wingi miaka ya 1890, Wajerumani walipofungua mashamba ya kahawa. Kabla ya shoka kulikuwa na kitabu. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilimtuma Oscar Baumann, mwanajiografia wa Austria, azunguke Usambara na kuandika alichokiona. Mwaka uliofuata kazi yake, Usambara und seine Nachbargebiete, ilichapishwa Berlin, ikieleza nchi na wakazi wake: Washambaa, Wabondei, Wadigo na wengine. Baumann alikuwa mtu makini, na hapo ndipo penye uzito. Kitabu cha uongo hukanushwa mara uongo wake ukijulikana. Kitabu cha kweli kikishikwa na mwenye tamaa hudhuru zaidi, maana hakuna anayekitilia shaka.

Tuangalie kilichofuata. Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani alikuwa na uwezo wa kusema ipi ina mwenyewe? Mshambaa aliyeacha shamba lipumzike alijua ni la ukoo wake, lakini maarifa yake hayakuwa kwenye karatasi. Ya msafiri yalikuwepo, na kwa lugha ya mtawala. Tena maandishi ya zama zile yalitawaliwa na imani kwamba msitu mnene ni dalili ya udongo wenye rutuba. Katika milima hii sivyo. Rutuba nyingi imo katika miti yenyewe na majani yanayooza chini yake. Ukifyeka, mvua huichukua, na udongo unaobaki una tindikali. Kahawa ilistawi kwa muda, kisha ikadhoofika, na wenye mashamba wakapata hasara. Lakini mwenye shamba aliweza kuondoka. Msitu uliokatwa haukurudi, wala ardhi iliyochukuliwa haikurudi kirahisi kwa wenyewe.

Atakuwepo wa kusema kwamba ardhi ilitwaliwa kwa bunduki na sheria, na kwamba kitabu hakina mikono. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa Wajerumani wangekuja hata bila Baumann. Ila kampuni ya biashara haigharimii safari na uchapaji kwa kupenda kusoma tu. Bunduki hushinda vita; ili kugawa mashamba lazima ujue mito iko wapi, njia zinapita wapi, nani anaishi wapi. Kitabu kilitoa hayo, na walioandikwa hawakuweza kukisoma wala kukijibu.

Je, vitabu vya namna hiyo vifungiwe? Hapana, kwa kuwa kitabu hicho hicho leo ni shahidi wetu wa jinsi Usambara ilivyokuwa kabla ya mashamba makubwa. Wala tusidhani kwamba kitabu cha mwenyeji kina usalama wa kuzaliwa nao. Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kumtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, na baadaye akawa liwali wa Tanga, alituandikia Habari za Wakilindi kwa Kiswahili kizuri ajabu, kikachapwa na misheni ya Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Bila yeye tungepoteza mengi kuhusu Mbega, mwasisi wa ukoo wa kitawala wa Wakilindi, na kizazi chake. Lakini alitazama kutoka upande wa watawala, na anayemsoma peke yake ataiona historia ya Usambara kuwa ni historia ya ukoo mmoja. Dawa ya kasoro hiyo imekuwa kuandika zaidi: mwanahistoria Steven Feierman alikusanya masimulizi ya Washambaa katika miaka ya 1960, akayaweka kando ya maandishi ya Abdallah, na mwaka 1974 akatoa The Shambaa Kingdom.

Kazi iliyobaki ni yetu. Vyuo vikuu na Maktaba ya Taifa wahakikishe kwamba Baumann, Abdallah na Feierman wanasomeka kwa Kiswahili, pamoja, katika shule na maktaba za Muheza na Lushoto, ili wajukuu wa walioandikwa wapate nafasi ya kujibu.