Vinasaba Vinavyopotelea Kinuni: Mbegu ya Pamba na Mavuno ya Simiyu

Mavuno haba ya pamba katika wilaya za Simiyu, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, huelezwa mara nyingi kwa sababu moja: mbegu imechoka, watafiti watoe nyingine. Dai hilo limekaa kwenye ripoti na hotuba hadi limekuwa kama ukweli usiohojiwa. Lina ukweli nusu.

Kazi ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, haina ubishi mkubwa. Aina zenye alama ya UK, zikiwamo UK77, UK82 na UK91, zilichaguliwa kwa wingi wa nyuzi zinazopatikana baada ya kuchambua, ustahimilivu wa magonjwa, na majani yenye vinyweleo vinavyomtatiza mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu. Kinga dhidi ya mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ilikuwa ya lazima. Shina la mche ulionyauka likichanwa kwa kisu, ndani huonekana michirizi ya kahawia palipopita maji; kuvu huyo hukaa ardhini miaka mingi na husafiri pia na mbegu.

Swali ni nini huipata aina hiyo ikishatoka kituoni. Kabla ya msimu wa 1994, vyama vya ushirika vilinunua pamba kwa kanda. Mbegu mpya ilizalishwa eneo lililotengwa, ikasambazwa kwa awamu, na ile ya zamani ikaenda kukamuliwa mafuta. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, malori yalianza kuchota pamba popote ilipopatikana, na kinu kimoja kikachambua pamba ya kanda mbalimbali. Mbegu iliyobaki, yenye manyoya ya kijivu na kung'ang'aniana kiganjani, ilirudi kwa mkulima bila yeyote kujua asili yake. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba kila msimu asilimia 5 ya mbegu safi huchanganyika, baada ya misimu 10 husalia takribani asilimia 60. Hapo hakuna jeni lililochoka. Kilichoshindwa ni utaratibu. Nyuki nao, wanaohamisha chavua kati ya mashamba jirani, hukamilisha kilichoanzishwa na malori.

Wapo wanaosema dawa, mvua na nafasi ya kupandia vina uzito zaidi. Kweli, kutoka sentimita 90 kwa 40 hadi 60 kwa 30 idadi ya mashimo kwa hekta huongezeka maradufu. Lakini mashimo mengi ya mbegu mchanganyiko huzaa pamba nyingi iliyochanganyika.

Wengine hutazama uhandisi jeni. Tanzania ilisitisha majaribio yake Novemba 2018, ilhali Kenya iliidhinisha pamba ya Bt, iliyowekewa jeni la bakteria ili kuua funza, mwaka uliofuata. Burkina Faso ndiyo inayofundisha zaidi: ilipopanda pamba ya Bt funza walidhibitiwa, ila nyuzi zikawa fupi, wanunuzi wakalalamika, na nchi ikaachana na mbegu hiyo. Jeni zuri pekee halikutosha kulinda sifa nyingine za aina iliyozoeleka.

Kwa Simiyu, basi, utafiti wa mbegu hauishii kwenye kitalu cha Ukiriguru. Mbegu iliyoondolewa manyoya na kuthibitishwa ni hatua, mradi chanzo chake kitoke eneo lililotengwa. Aina mpya inayopitishwa katika kinu kinachopokea pamba ya kila upande inaweza kuchanganyika kama UK91 kabla mtafiti hajamaliza kuandaa mrithi wake.